Mapigo Aliyekataa Kupimwa

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wa zamani wa kiwanda cha maziwa, wageni mliotoka mbali, na ninyi wanafunzi wa Kituo cha Uwiano wa Mwili na Akili, familia imemteua dada mkubwa wa marehemu awasomee historia ya maisha yake, na dada mtu amekubali kwa sharti moja, kwamba ataisoma yote na hakuna atakayemkatisha, kwa hiyo mwenye kukohoa akohoe sasa, mwenye simu aizime, na mwenye lake moyoni alimeze mpaka tufike mwisho. Kwa kawaida historia ya namna hii huwa fupi na tamu, mtu akasifiwa hata kwa yale ambayo hakuwa nayo, lakini tangu msiba huu utokee yamesemwa maneno uani, jikoni na kwenye foleni ya kunawa mikono, kwamba mjane ndiye aliyemuua mumewe kwa kumtoa katika tiba yake na kumkimbiza hospitali, na jana jioni msaidizi mkuu wa kituo aliwafuata wazee wa familia, mikono nyuma, sauti ya upole, akaomba mjane asifike kaburini mpaka kikao kikae naye ajieleze. Wazee walisema watalitafakari, dada mtu hakuwa na la kutafakari, na jibu lake ndilo hili analolisoma mbele yenu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mapigo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa baba fundi bomba na mama mfua nguo wa hospitali. Alizaliwa analia, na mama yao alikuwa akisema hakuna mtoto aliyemtesa kwa njaa kama huyo, kwa sababu tumbo likimuuma kwa njaa hakuombi, anafoka, na tabia hiyo aliizeeka nayo. Dada yake, aliyekuwa akimbeba mgongoni mama anapokuwa zamu, anakumbuka joto la mtoto yule, kwamba ukimtua unajikuta gauni limelowa kana kwamba ulikuwa umebeba birika la chai. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kuelewa, mwepesi zaidi wa hasira, na haambiliki hata akiwa amevaa shati nje ndani.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1964 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1970 akiwa wa pili darasani, na huyo wa kwanza hawakusemezana tena, kisha akajiunga na sekondari ya ufundi kuanzia mwaka 1971 hadi 1974, ambako alichapwa mbele ya shule nzima kwa kumsahihisha mwalimu wa fizikia, na ukweli ni kwamba alikuwa amemsahihisha sawasawa, ila alimsahihisha akiwa amesimama juu ya dawati. Mwaka 1975 aliingia chuo cha ufundi, akatoka mwaka 1977 na cheti cha majokofu na mitambo ya baridi, daraja la kwanza, na baba yao, ambaye hakuwa mtu wa kusifu watoto, alikiweka cheti hicho ukutani juu ya redio, akawa anawaonyesha hata watu waliokuja kudai mabomba yao.

Tarehe 2 Januari 1978 aliajiriwa katika kiwanda cha maziwa kama fundi wa vyumba vya baridi, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na mitatu bila kuonywa kwa uzembe, ingawa alionywa mara nyingi kwa mdomo wake. Wenzake mliofanya naye kazi mko hapa, na mtamshuhudia dada mtu kwamba hasemi uongo, kuwa ndani ya vile vyumba mtu alivaa koti zito mchana wa jua kali, akakaza nati kwa vidole visivyojisikia, akatoka mikono imekauka, imepasuka na imekuwa ya baridi kama samaki wa kwenye barafu, kiasi kwamba makarani wa ofisini walikuwa wakiwasalimia kwa kupunga tu. Mikono hiyo walikuwa nayo wote, wanene kwa wembamba, wapole kwa wakali, na hakuna aliyedhani ni tabia ya kuzaliwa nayo. Dada mtu anaomba mlikumbuke hilo la mikono, maana ndilo lililotufikisha hapa.

Katika kiwanda hichohicho ndipo alipokutana na mpima maziwa wa maabara, binti mtaratibu ambaye ukimwuliza swali unaweza kunywa chai, ukasuuza kikombe, ndipo jibu likaja, na wakafunga ndoa tarehe 14 Agosti 1982 katika ofisi ya msajili, mashahidi wakiwa dereva wa lori la maziwa na mkuu wa maabara. Dada mtu hakuhudhuria, sababu anazo mpaka leo, na hazina nafasi katika historia hii. Inatosha kusema kwamba wifi mtu na dada mtu hawajawahi kupikika chungu kimoja, hawakuanza kupendana wakati wa ugonjwa, na asije mtu kudhani kwamba yanayosomwa hapa yanasomwa kwa mapenzi.

Ndoa hiyo ilijaliwa watoto wawili, wa kwanza binti, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1984, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na wa pili wa kiume, aliyezaliwa tarehe 27 Novemba 1987, ambaye ni kinyozi na ana saluni yake karibu na soko, na wajukuu wanne, ambao wote babu yao aliwapima mapigo kabla ya kuwauliza majina.

Sasa tunaingia kwenye mambo ya Ayurveda. Mwezi Juni mwaka 1994 marehemu aliitwa kutengeneza jokofu nyumbani kwa mzee mmoja, tabibu mstaafu wa tiba hiyo, akalikuta jokofu ni zima na ndani yake hamna kitu isipokuwa filamu za kamera, na alipouliza kulikoni, mzee akamjibu kwamba yeye hali chakula kilicholala, jokofu ni la mwanawe. Fundi alicheka, mzee hakucheka, wakaketi, na chai iliyokusudiwa kuwa ya dakika kumi ikawa masomo ya miaka sita. Elimu yenyewe, dada mtu haji hapa kuitukana, ni ya Bara Hindi na ni kongwe sana, na kwa kadiri alivyoielewa baada ya kuhubiriwa kwa lazima kila alipokwenda kumwona mdogo wake, inasema kwamba mwili wa mtu umejengwa kwa anga, hewa, moto, maji na ardhi kama ulimwengu wenyewe ulivyojengwa, kwamba vitu hivyo hujikusanya katika nguvu tatu, vata ambayo ni upepo, pitta ambayo ni moto, na kapha ambayo ni maji na udongo, na kwamba kila mtu huzaliwa na mchanganyiko wake, mmoja kazidi upepo akawa mkavu, mwepesi na mwenye mawazo yasiyotulia, mwingine kazidi moto akawa mkali, mwenye njaa na jasho, mwingine kazidi udongo akawa mzito, mpole na mchelewaji. Afya kwao ni uwiano, na maradhi ni nguvu moja kupanda juu ya nyingine, ndiyo maana anayetibiwa huulizwa analalaje, anaota nini, anakasirika saa ngapi, na chakula chake hupangwa kwa ladha sita, tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na kakasi, upepo ukatulizwa kwa tamu, chachu na chumvi, moto ukatulizwa kwa tamu, chungu na kakasi, udongo ukachangamshwa kwa kali, chungu na kakasi. Humo mna kuamka kabla ya jua, kukwangua ulimi, kujipaka mafuta ya ufuta, kula mlo mkubwa adhuhuri moto wa tumbo unapokuwa juu, na kutulia kimya, maana wanasema akili ikivurugika tumbo nalo halipati usingizi. Ni maneno ya kiungwana, na yule mzee aliyasema kiungwana, kila mara akianza na neno labda.

Mdogo wake dada mtu hakuwa na labda. Alirudi nyumbani akawapima watu wote mapigo kwa vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, akatoa hukumu siku hiyohiyo kabla ya chakula, mkewe udongo, mtoto wa kiume udongo, binti moto, na yeye mwenyewe, baada ya kujishika mkono wake kwa mkono wake, akautazama ulivyokauka, ulivyopasuka na ulivyo baridi, akajitangaza kuwa upepo. Dada yake alipokuja kusalimia, mkono wa salamu haukurudi, ulikamatwa, ukapimwa, akaambiwa mbele ya watoto, "Dada, wewe ni moto mtupu, punguza pilipili na punguza kugombana na watu," naye akapunguza kuja. Tangu hapo jiko la nyumba ile likawa na sufuria tatu, ya upepo, ya moto na ya udongo, na mpishi wa zote akawa mmoja, ambaye alitoka kiwandani jioni akiwa amesimama kutwa maabara, akasimama tena, akapika mara tatu kile ambacho ninyi mnapika mara moja, kisha yeye mwenyewe, kwa kuwa alihukumiwa kuwa udongo, akala dengu za kuchemsha zisizo na samli, akanyimwa maziwa yaliyokuwa kazi yake, akanyimwa sukari, na akaamshwa alfajiri kila siku kwa maelezo kwamba usingizi unamzidishia uzito. Jirani fundi cherehani, ambaye yuko hapa na amejifunika uso, ndiye aliyekuwa akimpa chai yenye sukari kwa miaka yote hiyo, na familia inamshukuru.

Kazini nako mambo yalichacha, kwa sababu alikuwa akiitwa kwenye nyumba za watu kutengeneza majokofu, akayazima, akawahubiria wenyewe juu ya ubaya wa maji baridi na kiporo, na mteja mmoja alimfuata kiwandani akiwa amefura, akidai jokofu lake limetangazwa kuwa kabati la nguo. Tarehe 31 Machi 2001 aliacha kazi kwa hiari yake, meneja alihakikisha hiari hiyo haichelewi, na mwezi uliofuata akafungua kituo katika sebule ya nyumba yake, makochi yakatolewa uani yakanyeshewa, mikeka ikatandikwa, na watu wakaanza kuja.

Ukweli lazima usemwe, wengi walisaidika. Mtu aliyekuwa anakula akisimama alijifunza kukaa, mtu asiyelala alipata usingizi, mama mmoja mwenye maumivu ya mgongo alikandwa mafuta akaweza kuinama kufunga viatu vyake, na wenye shinikizo la damu waliacha chumvi kwa sababu waliamriwa na mtu aliyejua kuamrisha. Jina la Mapigo lilitoka kwao. Lakini kadiri alivyosifiwa ndivyo alivyovimba kichwa, na wanafunzi, mlimvika kilemba cha ukoka naye akakifunga vizuri, mkaacha kuuliza, mkaanza kuinamisha vichwa, na mtu anayeinamishiwa vichwa kutwa nzima haoni tena nyuso.

Mkewe ndiye aliyeona. Mwanamke huyo hana haraka, lakini amelala kitanda kimoja na marehemu miaka arobaini, na alijua kwamba huyu mtu wa upepo alikuwa anatupa shuka usiku kwa joto, kwamba nyayo zake zilikuwa zinaunguza, kwamba akicheleweshewa chakula anavunja sahani, kwamba upara ulimwingia kabla ya miaka thelathini na tano, na kwamba mikono yake, baada ya miaka kadhaa nje ya vile vyumba vya baridi, ilikuwa imelainika na kupata joto kama ya mtu mwingine yeyote. Alimwambia, kwa taratibu yake ile, "Mume wangu, ile mikono ilikuwa ya kiwandani," naye akamjibu kwamba watu wa udongo huchelewa kuona. Akamwambia mara ya pili, akafukuzwa sebuleni. Ndipo akajifunga kanga, akaenda kwa yule mzee tabibu, na tarehe 12 Septemba 2009 mzee akaja mwenyewe, na fimbo yake na pumzi yake fupi, akaingia katikati ya darasa.

Mlikuwepo. Msaidizi mkuu, ulikuwepo, ulikuwa umekaa mkono wa kulia wa mwalimu. Mzee alieleza kwamba katika elimu yao tabibu hajipimi mwenyewe, hupimwa na mwenzake, kwa sababu mtu hujisikilizia anachotaka kusikia, na kwamba akiwa amejikosea nguvu yake basi kila siku anamwaga mafuta taa juu ya moto wake kwa ndimu, chumvi na tangawizi, akanyoosha vidole vitatu akasema, "Mwanangu, nipe mkono." Marehemu aliuingiza mkono mfukoni. Mbele ya watu wote, mbele ya mtu aliyemfundisha bure kwa miaka sita, aliingiza mikono yote miwili mifukoni, akasema somo la leo limekwisha, na ninyi mkakunja mikeka yenu, hamna hata mmoja aliyempa mzee kiti. Mke wa marehemu alimsindikiza mzee mpaka kwake, mzee hakurudi tena katika nyumba ile, na alifariki mwaka 2012 bila marehemu kwenda kumzika.

Yanayofuata dada mtu aliyasikia hospitali, kwa masikio yake, kutoka vinywani mwa wenyewe, na ndiyo yaliyomfanya aikubali kazi hii ya kusoma. Jioni ya siku ile ile mkewe aliingia jikoni, akapika sufuria zake tatu kama kawaida, na alipopakua akampa mumewe kutoka sufuria ya moto, ile ya ladha tamu, chungu na kakasi, isiyo na ndimu wala pilipili manga, akampa kesho yake, na kesho kutwa, na kwa miaka tisa hakumpa kingine, na ile sufuria ya upepo, yenye chumvi na uchachu wake, akawa anaila mwenyewe kwa raha zake zote. Marehemu alipolalamika kwamba chakula hakina ladha, alimjibu kwamba umri umeingia na ulimi umechoka, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akifundisha kwamba uzee ni majira ya upepo na upepo hukausha, akaamini, akawa anaukwangua ulimi wake kila asubuhi kwa bidii ya kutisha. Kiungulia kilichokuwa kimeanza kikatoweka. Akanenepa kidogo, akawa mpole kiasi cha kumpigia dada yake simu bila kumfokea, na darasani akawa anajitolea mfano, jinsi mtu wa upepo anavyonawiri akifuata chakula chake cha upepo.

Tarehe 1 Julai 2018 kituo kilihamia jengo jipya lenye jiko lake, na msaidizi mkuu akaona haifai chakula cha mwalimu kipikwe na mtu mwenye nguvu nzito ya udongo, akasema kwamba uzito wa mpishi huingia katika chungu, akakichukua chakula hicho akaanza kukipika yeye kwa mikono yake mitulivu. Alikipika sawasawa na mafundisho, hilo halina ubishi, ndimu, chumvi, tangawizi, pilipili manga na achari, asubuhi, mchana na jioni, chakula safi cha mtu wa upepo, kikaingia katika tumbo la mtu wa moto. Mkewe alikwenda mara tatu kituoni na bakuli lake lililofunikwa, na mara tatu alipokelewa mlangoni, akashukuriwa kwa upole, akarudishwa nalo.

Kiungulia kilirudi kabla mwaka haujaisha. Marehemu alisema upepo umepanda, akaongezewa tangawizi. Mwaka 2021 alianza kuamka amejikunja akishika tumbo, akasema upepo umepanda zaidi, akaongezewa ndimu. Mwaka 2022 choo chake kilikuwa cheusi, ngozi imepauka, anapanda ngazi akisimamasimama, mtoto wake kinyozi alimsihi aende hospitali mpaka akalia, na kituo kikatoa maelezo kwamba mwalimu yuko katika kipindi cha kusafishwa. Dada mtu alipiga simu kituoni mwaka huo, akaambiwa na sauti ya upole sana kwamba moto wake yeye ndio unaomfanya awe na wasiwasi, na ilichukua wiki nzima simu aliyoibamiza ukutani kutengenezwa.

Tarehe 6 Mei 2023, saa nne asubuhi, akiwa anafundisha juu ya moto wa tumbo, marehemu alitapika damu mbele ya darasa. Mlisema ni sumu inatoka. Alitapika tena, mkamletea maji ya moto yenye tangawizi. Mtu mmoja kati yenu, ambaye jina lake familia inalihifadhi kwa heshima, alitoka mbio akaenda kumwita mkewe, na yule mwanamke ambaye hajawahi kuonekana akikimbia alikuja akikimbia na mwanawe nyuma yake akiwa bado na aproni ya saluni, akamkuta msaidizi mkuu amesimama mlangoni akisema, "Mama, usimvuruge mwalimu." Yule mama alimsukuma kwa kifua, akamwambia mwanawe, "Shika miguu," wakambeba mpaka kwenye gari la jirani, na mikeka ya kituo ina alama mpaka leo.

Katika hospitali ya rufaa alipokelewa akiwa amebakiwa na damu kidogo sana, akaongezewa, akafanyiwa upasuaji siku hiyohiyo na daktari bingwa, mama mfupi asiye na maneno mengi, aliyetoka chumbani akaiambia familia kwamba kidonda cha tumbo ni kikubwa na cha siku nyingi, kimekula mpaka kwenye mshipa, na kwamba bila mke huyu marehemu asingefika hata saa sita mchana ya siku ile. Kauli hiyo ilisemwa mbele ya msaidizi mkuu, ambaye alikuwa amekuja na chupa ya maji ya tangawizi, na kama ameisahau, daktari mwenyewe yuko hapa, amekaa karibu na nguzo.

Tarehe 17 Mei marehemu alipata nguvu ya kuzungumza, mkewe akiwa upande mmoja wa kitanda na dada yake upande wa pili, kama ilivyokuwa siku zote, na neno lake la kwanza la maana lilikuwa malalamiko, kwamba uji wa hospitali hauna chumvi, sawa na kile chakula kisicho na ladha alichokuwa akipikiwa nyumbani zamani. Mkewe, kwa taratibu yake ile, akamwambia kwamba chakula kile alikuwa anampakulia kutoka sufuria ya moto. Akamwuliza, "Tangu lini?" Akajibu, "Tangu siku ya mzee." Dada mtu akajiandaa kwa matusi, maana anamjua ndugu yake, lakini badala ya matusi mkono wa kulia ulitoka chini ya shuka ukalala juu ya kitanda, kiganja juu. Mkewe hakuwahi kufundishwa kupima, ila ameona mwaka baada ya mwaka, akaweka vidole vyake vitatu, akasikiliza, akasema, "Moto, mume wangu. Mtupu." Naye akasema, "Kesho nipikie wewe," akageuka ukutani, mabega yake yakawa yanatikisika mpaka alipolala.

Mkewe alipika uji mwepesi wa mchele, akamlisha kijiko kwa kijiko kwa siku zilizobaki, lakini mwili ulikuwa umeishi bila damu ya kutosha kwa muda mrefu mno, moyo ulichoka, na tarehe 21 Mei 2023, saa kumi alasiri, marehemu alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Hakuuawa na hospitali. Hakuuawa na Ayurveda pia, maana mwenye elimu hiyo alikuja kwa miguu yake kumwokoa akanyimwa mkono. Aliuawa na ubishi wake mwenyewe, na ninyi mliomzunguka mkauita ubishi huo hekima. Mwanamke mnayemtaka ajieleze alimwongezea mumewe miaka tisa kwa mwiko, bila kusifiwa, akiitwa mzito, na angemwongezea mingine kama msingemfungia mlango.

Familia inatoa shukrani kwa daktari bingwa na wauguzi wa wodi ya upasuaji, kwa wote waliotoa damu, kwa jirani mwenye gari, ambaye viti vyake vimeharibika naye amekataa kulipwa, kwa fundi cherehani, kwa wafanyakazi wenzake wa kiwandani waliochimba kaburi tangu asubuhi, na kwa yule mwanafunzi mmoja aliyetoka mbio. Kituo kinashukuriwa kwa mahudhurio.

Kuhusu lile ombi la jana, utaratibu wa kwenda kaburini ni huu, atatangulia mjane, peke yake, mbele ya wote, nyuma yake atafuata dada mtu, ambaye kwa miaka arobaini hajawahi kukubali kutembea nyuma ya mwanamke huyu, kisha watoto, wajukuu, majirani na wafanyakazi, na mtu anayeona mjane hastahili aje aseme sasa, asimwambie mjane, amwambie dada mtu, ambaye yuko hapa na hana uwiano wowote.

Naona hakuna. Basi lala, mdogo wangu, upumzike kwa amani, mkeo usimhofie, niachie mimi, tutaendelea kugombana naye mpaka tuzeeke.